Jina la Binti wa Kwanza

Chini ya kitanda changu hapa Theta kuna katoni ya sabuni iliyojaa nakala za kaboni. Nikizitoa ninaweza kukusomea, nyumba kwa nyumba, watu wote wa kisiwa kimoja cha Uskoti ambacho sijawahi kukiona na sina hamu ya kukiona: nyumba kumi na moja, nani alimzaa nani, nani alikufa maji, nani alipanda meli na ilimpeleka wapi. Wala sihitaji kuzitoa. Ninawajua kwa kichwa. Watu wa ukoo wangu mwenyewe siwajui hivyo. Mama yangu alikuwa akisema nimewabeba wazungu wa wenyewe kama mzigo wa kuni, na kusema kweli shingo bado inauma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika kiwanda kimoja cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika, mpaka mashine zikaanza kuzimwa moja baada ya nyingine, na sisi wa ofisini tukazifuata. Nilirudi kwa mama nikiwa na cheti cha kupiga chapa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Baba ya mtoto alikuwa ameenda Nakuru kutafuta kazi. Nadhani bado anaitafuta.

Mama mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyeniambia kwamba kwenye shamba moja la kahawa upande wa Ruiru kuna mzungu mzee anayetaka mtu wa kumchapia kitabu. Nilikwenda kwa miguu, nikakata katikati ya kahawa, nikafika viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Nilimkuta amekaa kwenye veranda, mwembamba, sweta mbili, moja juu ya nyingine, katika jua la saa nne. Alikuwa na miaka themanini na tatu. Marehemu mume wake alikuwa meneja wa shamba, si mwenye shamba, na wenye shamba walikuwa wamemwacha akae katika ile nyumba mpaka watakapouza. Kila mtu pale alimwita Shosho, yaani nyanya, kuanzia wachuma kahawa mpaka askari wa lango. Na mimi nikamwita hivyo hivyo.

"Umeolewa?" ndilo swali lake la kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, chepesi, cha mtu aliyekua nacho, kwa maana aliletwa Kenya akiwa na miaka saba.

"Ndiyo, Shosho. Bwana yuko Nakuru."

"Mzuri. Mtu ako na bwana hawezi toroka kazi."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi kama kumi.

Alichotaka hakunificha. Siku ile ile ya kwanza aliniambia. Kitabu kilikuwa historia ya kisiwa chao, nyumba zote kumi na moja na watu waliotoka humo, lakini kitabu kilikuwa kamba tu. Kilichofungwa mwishoni mwa kamba alikuwa dada yake. Dada huyo alimzidi miaka minane. Alipofika kumi na tano alikwenda pwani ya bara pamoja na wasichana wengine kutumbua samaki na kuwapanga ndani ya mapipa ya chumvi, kazi ambayo wasichana wa visiwa vile waliifanya kila msimu. Msimu ulipokwisha wenzake walirudi. Yeye alipanda meli kwenda Kanada. Kabla barua yake ya kwanza haijafika nyumbani, baba yao alikuwa amepata kazi ya kuchunga kondoo wa mzungu mwenzake huku Kenya, na familia nzima ikahama. Miaka michache baadaye kisiwa kizima kikabaki bila watu. Barua zilipelekwa mahali ambapo hapakuwa na mlango wa kubisha.

"Miaka sabini na sita," akaniambia. "Mimi sitaki mengi. Nataka kujua aliishia wapi. Kama amekufa, niambiwe amekufa. Basi."

Na shamba lilikuwa linauzwa. Maseveya walikuwa wameshaanza kupanda bikoni, mawe ya mipaka, kati ya mistari ya kahawa, na kila mtu Ruiru alikuwa anazungumza habari za ploti. Hakuna aliyejua Shosho angepelekwa wapi. Kwa hiyo tulikuwa na haraka, mimi na yeye, haraka ya watu wawili waliochoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi anasema, mimi naandika kwa mkono. Mchana nachapa kwa mashine ya chuma nzito kama jiwe la kusagia, iliyokuwa ya ofisi ya shamba. Jioni natembea kurudi Theta kwa mtoto, maziwa yamenijaa yananiuma, blauzi imelowa. Mama yangu alikuwa akinipokea mlangoni na mtoto mkononi kama anayerudisha sufuria ya jirani. "Chukua mwenzangu," angesema. Mwenzake, kwa sababu mtoto alikuwa na jina lake.

Shosho alikuwa mkali. Nikikosea mwaka wa mtu kuzaliwa alipiga meza. Lakini alikuwa na utani pia. Alinieleza kisiwa hakikuwa na mti hata mmoja, kwa hiyo walikata udongo mweusi kama matofali, wakaukausha na kuuwasha. Jioni mama yake alifukia makaa kwa jivu ili asubuhi moto uamke wenyewe. Nikamwambia nyanya yangu alifanya vivyo hivyo kati ya mawe matatu. "Haiya," akasema, "kumbe mlituibia." Siku waliyohama, akasema, mama yake alifukia makaa kama kawaida, kana kwamba wangerudi jioni.

Kilichotuunganisha hasa ni majina. Kisiwa chao kilikuwa maskini hata wa majina. Wanawake walikuwa na kama matano tu ya kugawana, wanaume sita. Nilichoka kuyachapa. Jina moja la kike lilikuwa katika nyumba nne kati ya kumi na moja, na mama yake Shosho alikuwa mmoja wa wenye jina hilo. Nikamuuliza walijuanaje. Akaniambia majina hayakuchaguliwa, yalikuwa na mpango. Mvulana wa kwanza anapewa jina la baba ya baba yake. Wa pili, la baba ya mama yake.

Niliacha kuchapa. "Shosho, hiyo ni yetu."

"Yenu aje?"

"Ni hivyo hivyo. Wa kwanza guka wa upande wa baba, wa pili guka wa upande wa mama. Kila mtu Kiambu anajua."

Tulicheka mpaka akakohoa. Miaka sabini na sita amekaa katikati ya watu wetu, anajua tunawapa watoto majina ya wazee, lakini hajawahi kumuuliza mtu mpangilio. Akasema wazee wetu na wa kwao walisoma shule moja. Tangu siku hiyo nikawa namsaidia kazi ambayo mwanzo aliifanya peke yake: mtu akituandikia kutoka New Zealand au wapi, akitaja watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, mimi narudi nyuma kwa majina mpaka naipata nyumba. Nilijiona fundi. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifunge, nilikuwa na kazi ambayo kichwa changu, si vidole tu, kilikuwa kinahitajika.

Lakini tuliongea habari za wavulana. Za wasichana hatukuongea. Kwa nini tuongee? Nilijua zangu na yeye alijua zake, na kila mmoja alidhani ni zile zile.

Kwetu msichana wa kwanza ni mama ya baba yake. Wa pili ndiye mama ya mama yake. Msichana wa kwanza akiwa na jina la upande wa mama, watu wanajua bila kuambiwa: huyo mama hakuolewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wangu. Kila aliyeuliza jina lake kanisani aliuliza mara moja tu, kisha akaangalia pembeni. Kwa Shosho sikumtaja mtoto kwa jina hata siku moja. Nilisema "mtoto". Nilikuwa na bwana Nakuru, mnakumbuka.

Barua zilikuja nyingi. Mwalimu mmoja mstaafu huko Uskoti alikuwa na kijarida cha wazao wa visiwa, na aliweka humo tangazo la Shosho na anwani ya sanduku letu la posta. Wengi walioandika walikuwa watu wa kujitafutia asili, kurasa nane za kueleza mbwa wao na bustani zao. Macho ya Shosho yalikuwa yanafunikwa na mtoto wa jicho, hakuweza kusoma tena. Mwanzo nilimsomea zote. Baada ya miezi michache alichoka.

"Usinisomee yote," akasema. "Niambie kwa kifupi. Nyumba gani, na wanataka nini. Majibu ya kawaida jibu wewe, mimi nitasaini."

Ndivyo tulivyofanya. Nilikuwa nasoma, nafupisha, najibu kwa nusu karatasi ili tusimalize karatasi, namshika mkono nauweka mahali pa sahihi, naye anaweka herufi moja na jina la ukoo la marehemu bwana wake.

Barua ya Kanada ilikuja wakati wa mvua ndefu. Naikumbuka siku kwa sababu nilikuwa nimelowa na nilikuwa na homa, na matope ya shambani yalikuwa yamenivua kiatu kimoja njiani. Kulikuwa na barua tano. Ile ya Kanada ilikuwa fupi kuliko zote, na hilo nalo lilinifanya niipende. Mwandishi alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi. Alisema mama yake ni mzee sana, alitoka katika hicho kisiwa akiwa msichana, alikuwa hapendi kusema habari za huko, na sasa akili inakuja na kuondoka. Marehemu baba yake, mume halali wa mama yake, alikuwa mtu wa visiwa vya jirani. Yeye ndiye binti wa kwanza, na alikuwa na jina fulani, la nyanya yake. Dada yake mdogo alikuwa na jina fulani, la nyanya mwingine. Je, tungeweza kumwambia mama yake ni wa nyumba gani, na kama kuna ndugu yeyote aliye hai? Kwa sababu mama anauliza.

Jina la mama mwenyewe, hata la ukoo, lilikuwa la nusu ya wanawake wa kisiwa, halikunisaidia; jina la binti wa kwanza lilikuwa lile la nyumba nne. Lilikuwa jina la mama yake Shosho. Nataka mjue kwamba nililiona. Sikulipita. Nililiona, nikafikiri kwa sekunde kadhaa, na akili yangu nzima ya Kikikuyu ikaniambia: binti wa kwanza, baba yupo, ndoa ipo, basi hilo ni jina la mama ya baba, la huko visiwa vya jirani, halituhusu. La kutuhusu ni la binti wa pili. Nikalitafuta la wa pili. Nikalipata katika nyumba ya tisa, na nyumba ya tisa kweli ilikuwa na msichana aliyekwenda Kanada. Lilikaa vizuri kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Kuna nini leo?" Shosho akauliza.

"Kuna moja ya nyumba ya tisa, Shosho. Kanada."

"Hao!" akasema, akacheka. "Wagomvi hao. Baba yangu hakuwasalimia miaka mitatu kwa sababu ya kondoo mmoja. Waambie nawasalimu."

Nikachapa: Mama yako ni wa nyumba ya tisa. Kwa kadiri tunavyojua, hakuna wa nyumba hiyo aliyebaki hai. Pole, na salamu. Nikamshika mkono, akasaini. Nikakunja, nikalamba bahasha, nikaenda nyumbani na homa yangu.

Mvua ikaisha, kahawa ikaanza kuiva, bikoni zikafika karibu na jikoni kwake.

Miezi mitano baadaye mama yangu aliumwa na mgongo, hakuweza kushika mtoto. Sikuwa na mtu mwingine. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye kazini, njia nzima nikipanga uongo, na nilipofika nilikuwa nimechoka hata kuutumia. Nilimweka kwenye blanketi pembeni ya meza. Alikuwa ameanza kutembea. Akaifuata kamba ya pazia, nami bila kufikiri nikamwita kama ninavyomwita nyumbani.

"Mami, acha! Mami, kuja hapa."

Shosho akageuza kichwa. "Kwa nini unamwita mami?"

Wote tunawaita hivyo watoto wenye majina ya mama zetu, na yeye amekaa hapa muda wa kutosha kujua. Nikamnyang'anya mtoto kamba ya pazia. Kisha nikasema, "Ako na jina la mama yangu."

"Ni wa kwanza?"

"Ni wa kwanza, Shosho." Nikaona hakuna haja tena. "Sina bwana. Hakuna mtu Nakuru. Kama ningeolewa angepewa jina la mama ya baba yake. Hii ya mama yangu ni ya msichana ameachwa."

Nilingoja aniambie nimemdanganya. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, hata unapendeza.

"Kwa nini unaongea kama umeiba?" akasema. "Kwetu ni hivyo. Msichana wa kwanza ni mama ya mama. Nyumba zote. Wa pili ndio wa upande wa baba. Mtoto yako amepewa jina poa kabisa."

Sikusikia alichosema baada ya hapo. Najua aliomba apewe mtoto, nami nikamweka mapajani pake, na akamshika vidole vya miguu akimhesabia kwa lugha yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine nikiangalia faili la nyumba ya tisa juu ya rafu.

Sikumwambia siku hiyo. Wala kesho yake. Siku nne nilikwenda kazini, nikachapa, nikarudi. Jioni ya siku ya kwanza niliiba ile barua nikaenda nayo nyumbani, nikaisoma mara nyingi, nikijaribu kumfanya yule binti wa kwanza awe mtu mwingine. Miaka ya mama yake ilikuwa inalingana. Kila kitu kilikuwa kinalingana. Mama yangu, amelala chali kwa sababu ya mgongo, aliniuliza nina nini, nikamwambia. Alisema jambo moja tu: "Huyo mzee anahesabu siku. Wewe unamlia zake." Majuto ni mjukuu, na mimi nilikuwa nimewapanga wajukuu wa watu vibaya.

Siku ya tano nilimwambia. Nilisimama nikasema yote, jina, hesabu yangu, nyumba ya tisa, nusu karatasi. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja na haikusogea.

"Nilisaini?" akauliza.

"Ndiyo, Shosho."

"Kwa mkono yangu?"

"Nilikushika mkono."

Kisha hasira ikaja, na nilishukuru ilipokuja. "Ungesema ukweli siku ya kwanza! Nilikuuliza umeolewa, si nilikuuliza? Ungesema, 'Hapana, mtoto ana jina ya mama yangu,' tungeongea hii maneno siku hiyo hiyo! Aibu yako ndio imenilia dada!"

Nami nilikuwa nimechoka, nikajibu mtu mzima nisivyopaswa kumjibu. "Na wewe uliniambia nisikusomee! Ulisema kwa kifupi. Ningesoma ile barua yote, ungesikia jina la mama yako na masikio yako mwenyewe!"

Akaniambia nitoke nje. Nikakaa kwenye ngazi za veranda nikiangalia bikoni. Nilifikiri kazi imekwisha, na kitu fulani ndani yangu kilitaka iishe. Baada ya muda nikasikia anaita, sauti ya kawaida, ya mtu anayeitisha chai.

"Kuja. Tuandike."

Barua ile haikuwa na namba ya simu. Tuliandika karatasi nzima, pande zote mbili, na safari hii alinifanya nimsomee kila neno. Alieleza makaa yaliyofukiwa. Alieleza kovu alilokuwa nalo dada yake kwenye kidole gumba, la kisu cha samaki cha baba yao. Nikaipeleka posta Ruiru mwenyewe, nikasimama pale mpaka karani akaigonga muhuri.

Tukaanza kungoja. Hatukuchapa mengi wiki hizo. Alikuwa akinituma posta kila siku, Jumapili tu ndiyo nilipumzika, na kila siku nikirudi alikuwa ameshaisikia miguu yangu kwenye changarawe na kujua kwa mwendo wangu kwamba sina kitu. Hakuuliza. Nilikuwa nakuja na mtoto sasa, kwa sababu mgongo wa mama haukupona, na pia kwa sababu yeye alimtaka. Alimwita kwa jina lake kamili, jina la mama yangu, kwa sauti kubwa, mbele ya wachuma kahawa, kama anayetaka nilisikie mpaka nilizoee.

Jibu lilifika wiki ya sita. Bahasha ilikuwa nyepesi. Nilitembea nayo kifuani kutoka Ruiru, nikiwaza kuifungua njiani, sikuifungua.

"Soma," Shosho akasema. Alikuwa ameketi wima. "Soma yote. Usiruke hata kidogo."

Nikasoma. Binti wa dada yake alianza kwa kusema kovu la kidole gumba analijua, alilishika maisha yake yote. Shosho akatoa sauti ndogo, nikaendelea. Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa saba, usingizini, bila maumivu. Nilipofika hapo nikasimama kwa heshima, akanifanyia ishara kwa mkono niendelee. Mwezi wa saba. Sisi tuliandika mwezi wa tisa. Zile siku zangu nne hazikuwa zimeua chochote. Ni ile miezi mitatu ya kwanza, tangu mvua mpaka baridi, wakati mzee mmoja alikuwa hai kule na mzee mwingine alikuwa hai huku, na kati yao kulikuwa na nusu karatasi niliyoichapa mimi.

Kisha macho yangu yakatangulia mstari unaofuata, na mdomo ukasita.

Hakuna aliyekuwa ananiona. Mtoto wangu alikuwa amelala kwenye blanketi. Shosho alikuwa kipofu sasa, au karibu. Ningeweza kugeuza ukurasa na kusoma salamu za mwisho, naye angekufa bila kujua, na pengine kuna watu wema ambao wangefanya hivyo. Mpaka leo kuna siku nafikiri walio wema ni hao.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Unaruka?"

"Siruki, Shosho. Bado sijafika."

Nikafika. Barua ilisema: Ile barua yenu ya kwanza nilimsomea mama, akaniomba nimsomee tena mara ya pili. Kisha akasema, "Basi mimi ndiye wa mwisho." Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama kuna barua.

Nikasoma mpaka chini, jina na anwani, nikaiweka mezani. Nje wachuma kahawa walikuwa wanapima debe, mmoja anamtania mwingine kwa majani mengi kuliko kahawa. Shosho hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akangoja nimalize, kwa subira, kama anayengoja mvua ipite ili atoke.

"Weka karatasi," akasema.

Nikaweka karatasi na kaboni.

"Nyumba yetu, ya nne. Binti ya kwanza. Andika alienda kufanya kazi ya samaki. Andika Kanada. Andika aliolewa, alizaa wasichana wawili, ya kwanza alimpatia jina ya mama yetu." Alisema polepole, niweze kumfuata. "Andika alikufa mwezi ya saba. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Chini yake, binti ya pili. Andika ni mimi. Andika wakati huo niko hai, niko Ruiru."

Nikaandika. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuivuta karatasi.

"Ngoja. Rudi juu, kwake. Mwisho ya maneno yake, andika hakuwa ya mwisho."

Nikairudisha karatasi nyuma mpaka kwenye mstari wake. Utepe wa mashine ulikuwa umechakaa, wino haukushika, ikanibidi nirudie kila herufi juu ya ile ile mara mbili, mara tatu, mpaka yale maneno yakaonekana.